Wodi ya Nyumbani

Kwa Kiswahili "kama" ni neno la sharti. Huko Kongo, katika jimbo la Maniema, kwenye misitu ya Pangi, ni jina la mji. Mgeni akiambiwa "natoka Kama" husubiri sentensi iishe, na wenyeji wamekwisha kuuchoka mzaha huo zamani. Nauleta tena kwa sababu moja. Familia inapoambiwa kwamba mtoto wao ana skizofrenia, huanza kukaa ndani ya neno hilo, hata ikiwa nyumba yao iko Kindu au Kibombo. Kama tungemkataza kwenda machimboni. Kama baba yake mdogo angelipa lile deni la mahari. Kama tungemwahi. Ni maswali yasiyo na mlango wa kutokea, nayo hula siku ambazo mgonjwa alizihitaji kwa kazi nyingine.

Tuchukue mfano, usio wa mtu mmoja bali wa wengi: kijana wa miaka 21 aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu upande wa Kampene. Alikwenda mzima, amerudi mwembamba. Usiku halali, anazunguka lupango, yaani ua wa nyumba, akizungumza na mtu ambaye wengine hawamwoni. Anacheka pasipo kichekesho. Simu ya shemeji yake anaifunika kwa sufuria kwa sababu, anasema, inamsikiliza hata ikiwa imezimwa. Miezi mitatu familia inasema ni uchovu, kisha inasema ni bangi, kisha inasema ni mwanamke. Siku anapoisukuma mbali sahani ya sombe ya mama yake na kusema imetiwa kitu, ukoo unaitwa.

Ukoo ukikaa hauulizi "ni nini". Unauliza "ni nani". "Walimuloga," atasema mjomba, na kitenzi hicho hakikubali kukaa muda mrefu bila mtendaji. Kabla jua halijazama mtendaji amepatikana, na mara nyingi ni mwanamke mzee, mjane, asiye na mtoto wa kumsimamia. Uchawi una tabia hii ya ajabu: hauonekani sana katika nyumba za watu wenye wakili. Kikao kilianza na mgonjwa mmoja. Kinapofungwa kuna watu wawili wa kuhurumiwa, na wa pili ndiye atakayelala nje usiku huo.

Siandiki haya kuwacheka wajomba wa Maniema. Wataalamu wa nchi tajiri nao walipitia njia hiyohiyo, tena wakiwa na shahada. Mwaka 1948 tabibu wa akili Frieda Fromm-Reichmann, aliyekuwa Marekani, aliandika juu ya mama ambaye, kwa ubaridi wake na ukali wake, humzalia mwanawe skizofrenia. Kwa miaka mingi baada ya hapo mama wa Kimarekani aliyempeleka mtoto hospitalini aliondoka na tuhuma mkobani. Ushahidi haukupatikana, na nadharia ikazikwa bila matanga. Lakini tazama jinsi njia zilivyofanana: msituni au maktabani, mtu akiugua akili, anatafutwa mwanamke.

Tutarudi kwenye imani, kwa kuwa haina ubaya wote inaodhaniwa kuwa nao. Kwanza twende kwa munganga.

Hapa pana mtego wa lugha. Mtu wa Dar es Salaam akisikia kwamba familia ya Kindu imemwacha mufumu na kwenda kwa munganga, atadhani imetoka nyumba moja na kuingia ya jirani. La. Kwetu munganga ni yule wa sindano na karatasi. Mufumu ndiye wa ramli. Na munganga anayeijua kazi yake hakimbilii neno skizofrenia. Ataanza kwa kuondoa magonjwa mengine yanayovaa nguo hizohizo: malaria iliyopanda ubongoni, kifafa, kaswende ya muda mrefu, virusi vya Ukimwi, bangi, pombe ya lotoko. Na katika Maniema ana sababu ya ziada ya kusita. Ugonjwa wa usingizi, ule wa mbung'o ambao jirani zetu wa Tanzania wanauita malale, una historia ndefu katika jimbo hili, hasa upande wa Kasongo, Kibombo na Kabambare. Vimelea vyake vikishaingia ubongoni, mtu hubadilika: anakesha usiku na kusinzia mchana, anakuwa mkali kwa watu aliowapenda, anasema ovyo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuhesabiwa mwendawazimu na kuombewa hadi kufa, ilhali ugonjwa wake una dawa. Tangu mwisho wa mwaka 2018 Kongo imesajili fexinidazole, dawa ya vidonge inayomezwa kwa siku kumi. Anayesema "ni mapepo tu" au "ni skizofrenia tu" bila kupima damu amefanya kosa lilelile kwa majina mawili.

Skizofrenia yenyewe haina kipimo cha damu. Haionekani kwenye darubini wala kwenye picha ya kifua. Hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa, kwa kuwasikiliza waliokaa naye, na kwa muda: sauti, shuku zisizokanushika, maneno yasiyofuatana, kujitenga, yote hayo yakidumu mwezi mzima au zaidi. Maabara ya ugonjwa huu ni kumbukumbu ya mama na ya dada. Ndiyo maana familia iliyokwenda ikiwa na hadithi moja tu, ya nani aliyemloga, inamnyima munganga kile alichokihitaji: ni lini alianza kukesha, ni lini aliacha kuoga, alivuta nini, katika ukoo kuna nani mwingine aliyewahi kuwa hivi.

Jina lilitolewa na Mswisi, Eugen Bleuler, mwezi Aprili 1908, kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka na akili. Lilikuwa jina baya. Mpaka leo watu wengi, hata waliosoma, wanadhani ni mtu mmoja mwenye nafsi mbili, kama katika filamu. Bleuler alitaka kusema jambo jingine: kwamba mawazo, hisia na matendo ya mgonjwa hayashikani tena. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 24, yaani mtu 1 kati ya 300. Kwa hesabu hiyo kijiji cha watu 3,000 kingetarajia kumi. Ukihesabu wale unaowajua, wanaotembea sokoni wakiwa uchi, utapata mmoja au wawili. Wanane au tisa waliobaki wako majumbani, na jirani ameambiwa kwamba wamesafiri.

Sasa munganga amesema. Amefunga daftari. Familia iende wapi?

Hospitali za akili katika mashariki ya Kongo zinahesabika kwa vidole, na nyingi ni kazi ya mafurere wa shirika la Frères de la Charité: SOSAME huko Bukavu, Tulizo Letu huko Goma, na kusini Lubumbashi kituo chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Ghent wa karne ya 19. Shirika lenyewe lilizaliwa Ghent mwaka 1807. Kutoka Kama hadi Kindu ni pikipiki na matope. Kutoka Kindu kwenda Bukavu, hadi mwanzoni mwa 2025, ilikuwa ndege kwa mwenye pesa, na kwa asiye nazo ni barabara ambayo kwenye ramani ni mstari mwekundu na msituni ni jambo la kujadiliwa. Kumsafirisha mtu mwenye shuku kwa pikipiki, akiwa katikati ya dereva na kaka yake, akiamini kwamba wote wawili wamelipwa kumzika, ni safari ambayo hakuna kitabu cha tiba kinachoielekeza. Familia chache huifanya, mara moja, na haziwezi kuirudia kila mwezi.

Kwa hiyo wodi ni nyumba. Tusikimbilie kuliona hilo kuwa msiba mtupu. Huko Ubelgiji, katika mji wa Geel, wenyeji wamekuwa wakiwapokea wagonjwa wa akili majumbani mwao tangu Enzi za Kati; mwaka 1938 wageni hao walizidi 3,000, wakila mezani na kwenda shambani pamoja na wenye nyumba. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Mnigeria Thomas Lambo aliwaweka wagonjwa wake katika vijiji vya jirani, kila mmoja akiwa na ndugu wa kumpikia, na hospitali ikabaki mahali pa kwenda mchana kwa dawa. Wote hao, wa Geel na wa Aro, waliichagua nyumba makusudi. Sisi tumeachiwa nyumba. Tofauti ni kwamba nyumba zao zilikuwa na hospitali nyuma yake, na yetu ina msitu.

Dawa nazo zina ukoo wa kuchekesha. Ya kwanza, klopromazini, ilitumiwa Paris mwaka 1952 na Jean Delay na Pierre Deniker katika hospitali ya Sainte-Anne. Ile inayopatikana zaidi kwetu, haloperidoli, ilitengenezwa mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen huko Beerse, Ubelgiji, miaka miwili kabla ya uhuru wetu. Wabelgiji walituletea mengi ambayo hatukuyaomba, kwa kelele na bendera. Hili lililokuja kimya huenda ndilo la manufaa kuliko mengi. Ni dawa ya zamani, haina tena mwenye hati miliki, bei yake si kubwa. Inapunguza sauti na shuku kwa wagonjwa walio wengi. Hairudishi kila kitu: hamu ya kufanya kazi, ya kuongea, ya kuoga, hiyo huchelewa, na familia huita uvivu kile ambacho bado ni ugonjwa.

Na ina madhara, ambayo lazima yasemwe mapema kuliko yote, kwa sababu ndiyo yanayovunja tiba nyingi. Siku za mwanzo shingo inaweza kupinda na kukaza, macho yakageuka juu, ulimi ukatoka. Hebu fikiria jambo hilo likitokea saa mbili usiku, kwa mwanga wa tochi, mbele ya mchungaji aliyekuja kuomba. Kila aliyeko ataona kwa macho yake mwenyewe pepo akipambana na dawa ya kizungu, na vidonge vitatupwa chooni kabla ya asubuhi. Ni misuli tu. Kuna kidonge kingine, triheksifenidili, ambacho watu wa hospitali hukiita Artane, kinachoilegeza. Munganga aliyetoa haloperidoli bila kuieleza familia juu ya shingo hiyo ametoa nusu ya dawa. Yako na mengine: mwili kukakamaa kama wa mzee, miguu isiyotulia, usingizi mwingi. Haya hupungua dozi ikipunguzwa na aliyeiandika, wala si na shangazi.

Kwa mgonjwa asiyependa vidonge, au nyumba ambayo vidonge hupotea, ipo sindano ya kudumu, flufenazini au haloperidoli yenye mafuta, inayochomwa karibu kila mwezi. Pale inapopatikana, huondoa vita ya kila asubuhi, na vita ya kila asubuhi ndiyo inayotupeleka kwenye jambo nililotaka kulisema tangu mwanzo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanasosholojia George Brown, akiwa London, alifuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili. Akaona jambo lililomshangaza. Waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao waliugua upya zaidi kuliko waliokwenda kukaa kwa kaka na dada zao, au katika vyumba vya kupanga. Mwenye nyumba wa London, asiyemjua mpangaji wake wala kujali kama amechana nywele, alikuwa tiba bora kuliko mama mzazi. Kwa msomaji wa Kiafrika hilo ni tusi. Lakini Brown hakuishia hapo. Yeye na waliomfuata walikaa na familia, wakazisikiliza kwa saa nyingi, wakahesabu: kauli za kulaumu, ukali, na ule upendo wa kubana unaomfanyia mgonjwa kila kitu na kumlilia kila siku. Mwaka 1976 Christine Vaughn na Julian Leff walitoa hesabu ya wagonjwa 128. Katika nyumba za lawama na kubana, karibu nusu walirudi kuugua ndani ya miezi tisa. Katika nyumba tulivu, mmoja kati ya wanane. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokaa uso kwa uso na ndugu mkali zaidi ya saa 35 kwa juma, bila dawa.

Saa 35 kwa juma. Katika lupango la Kama saa hizo huisha Jumatano kabla ya chakula.

Watu wengine wameutumia utafiti huo kumrudisha mama kizimbani kwa mlango wa nyuma. Si sawa. Hakuna aliyeonyesha kwamba ukali unaleta ugonjwa. Unaathiri mwendo wake baada ya kuja, kama vile moshi wa jikoni unavyomzidishia pumu aliye nayo. Na ukali huo hautoki kwenye roho mbaya. Anayelaumu ni yule anayeamini kwamba mgonjwa angeweza kujizuia akitaka. "Amka ukalime, wewe ni mwanaume!" Ni sauti ya mtu ambaye hajaambiwa kwamba hili ni ugonjwa, au ameambiwa kwa Kifaransa, haraka, mlangoni.

Ndipo Zanzibar inapoingia. Juli McGruder, Mmarekani aliyeishi Unguja na kuandika tasnifu yake ya mwaka 1999 juu ya wazimu huko, alikaa katika familia zenye wagonjwa wa skizofrenia. Wengi waliamini mashetani. Kwa nadharia za Ulaya, nyumba hizo zilipaswa kuwa jehanamu. Alichokikuta ni utulivu. Shetani kwa mtu wa pwani si mgeni. Huja na huondoka, hupewa anachotaka, hupozwa kwa kombe la maandishi ya zafarani. Mgonjwa hakuwa na kosa kwa kuwa na shetani, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kumfokea. Na shetani akipoa, mtu alirudi mahali pake, akachota maji, akatumwa dukani, bila kubandikwa jina la maisha. Baadhi yao walitumia pia dawa za hospitali, bila kuona mgongano wowote. Imani iliyomchukiza daktari ilikuwa inafanya kazi ambayo daktari angeifurahia.

Kwa hiyo jambo si imani au dawa. Imani inayosema "kuna kitu kimemvamia, si yeye" inaweza kuishusha sauti ya nyumba. Imani inayosema "kuna mtu amemfanyia, na mtu huyo ni wewe" inaipandisha hadi jirani asikie. Mufumu mmoja ataweka mimea shingoni na kusema subirini. Mwingine atataja jina la bibi. Mchungaji mmoja ataweka mkono kichwani na kumrudisha mgonjwa nyumbani akale. Mwingine atamfungia katika chumba cha maombi, siku tatu bila chakula, na kuamuru vidonge viachwe kama kipimo cha imani. Mufumu wa kwanza na mchungaji wa kwanza wanaweza kukaa pamoja na munganga. Wenzao wawili wanatakiwa kuonyeshwa mlango, kwa heshima ikiwezekana.

Kupiga marufuku hakusaidii. Mwaka 1948 serikali ya Kibelgiji iliiharamisha Bwami, jamii ya watu wenye vyeo ya Warega, ambao nchi yao inaanzia hapo Pangi na kuingia Shabunda na Mwenga. Serikali hiyo ilikuwa na hofu ya kitu isichokielewa. Wazee walificha vinyago vyao na kuendelea. Mtu anayefikiri kwamba ataondoa mapepo Maniema kwa semina ya siku mbili hotelini Kindu, chai na sambusa pamoja, angesoma habari hiyo kwanza.

Minyororo ni jambo jingine, nalo halina mjadala. Mwezi Oktoba 2020 Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya watu wenye magonjwa ya akili waliofungwa kwa pingu, kamba au kufungiwa vyumbani katika nchi zipatazo 60. Najua sababu: nyumba haina mtu mchana, wote wako shambani, mgonjwa anaweza kuingia mtoni. Mlinzi amekosekana, na mti wa kumfungia hauchoki. Lakini mti humfundisha mgonjwa kwamba shuku zake zilikuwa za kweli: wale watu kweli walitaka kumfunga. Baada ya hapo nani atampa kidonge akakipokea?

Turudi kwa kijana na simu ya shemeji. Kuna namna tatu za kumjibu. Dada yake mkubwa anaweza kusema: "Acha ujinga, simu imezimwa." Atabishana saa nzima na kushindwa, kwa maana shuku ya ugonjwa haisikii hoja, ukiiletea ushahidi inaufanya ushahidi huo kuwa sehemu ya njama. Au anaweza kukubali: "Ni kweli, inasikiliza," na hapo amemwacha peke yake na hofu iliyopata shahidi. Au, mgonjwa akisema, "Yaya, ile simu inanisikia," anamjibu: "Mimi siisikii, mdogo wangu. Lakini naona unaogopa. Njoo tuitoe humu ndani, kisha tule." Hakudanganya, hakubishana, na chakula kimeliwa. Jibu la tatu linahitaji mtu aliyelala usingizi wa kutosha, na hilo ndilo gumu kuliko yote.

Kwani wodi hii ina muuguzi mmoja, naye hana zamu. Ni mama, au binti aliyeacha shule. Hapokei mshahara, hapati likizo, na akilia anaambiwa ana imani haba. Kaka walioko Kinshasa hutuma ushauri kwa sauti za WhatsApp, dakika nne kila moja. Pesa ya usafiri huja nadra zaidi. Utulivu ambao watafiti wa London waliupima hauwezi kudaiwa kwa mtu mmoja asiyelala. Ukitaka nyumba ya sauti ya chini, gawanya saa: mgonjwa akae asubuhi kwa mjomba akitengeneza mpini wa jembe, jioni kwa shangazi, usiku kwa mama. Ukoo mkubwa, ambao ulikutana kutafuta mchawi, una uwezo wa kuzipunguza zile saa 35. Hiyo ndiyo kazi yake ya kweli, na ni kikao cha dakika ishirini.

Halafu kuna ndoa za wadogo zake. Hili husemwa kwa kunong'ona: nani ataoa katika nyumba ile? Ni kweli kwamba ugonjwa hufuata damu kwa kiasi. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ana hatari ya takriban 10 kati ya 100, ambayo ni kubwa kuliko ya mtu mwingine. Maana yake pia ni kwamba 90 hawatapata kitu. Wakwe wanaokataa binti kwa hesabu hiyo kwa kawaida hawajauliza habari za sukari, pombe wala madeni.

Juu ya kupona tuseme ukweli bila kuupaka sukari. Shirika la Afya Duniani linasema angalau mmoja kati ya watatu hupona kabisa. Wengine huishi na ugonjwa unaokuja na kuondoka, na wengine unabaki nao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika hilohilo lilianza kufuatilia wagonjwa katika nchi tisa, na wale wa Ibadan, Nigeria, na wa Agra, India, walionekana kwenda vizuri kuliko wa London au Washington. Sisi Waafrika tuliipenda sana habari hiyo. Watafiti wa baadaye wameikosoa, wakisema wagonjwa maskini wanaokufa au kutoweka hawahesabiwi vizuri, na nadhani wana hoja. Hata hivyo kitu kimoja kinabaki: mahali ambapo aliyepoa anapewa jembe na kutumwa sokoni, ana sababu ya kupoa.

Mambo mawili hayasubiri kikao. Mgonjwa akisema sauti zinamwamuru ajiue, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, kamba na sumu za shambani ziondolewe, na munganga aitwe usiku huohuo; ugonjwa huu huua hivyo mara nyingi zaidi kuliko unavyofanya mgonjwa aue wengine. Na akipoa, vidonge visiachwe. Baada ya kuugua mara ya kwanza, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ziendelee angalau mwaka mmoja tangu dalili ziishe. Aliyeugua mara nyingi huhitaji miaka. Kijana akirudi kucheza mpira mwezi wa nne, kila mtu atasema amepona, dawa za nini tena. Mwezi wa sita atakuwa anaifunika simu kwa sufuria.

Basi bandika kalenda ukutani, ya kanisa au ya duka la simenti, haidhuru. Kila siku aliyomeza iwekewe alama na mtu mmoja anayejulikana. Mvua ikinyesha Pangi pikipiki husimama siku tatu, pengine nne. Vidonge vikibaki vya siku kumi, mtu wa kwenda Kindu awe amekwisha kupatikana na nauli yake iwe mfukoni.